Taa Iliyowaka Kasigau Tu

Nyanya yangu mzaa baba alikuwa na jiko lake kule juu Mbololo, kibanda cha udongo kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba kubwa, na hakuna aliyeruhusiwa kusogeza hata mwiko mle ndani. Moto wake ulikuwa na adabu. Ulikaa katikati ya mafiga, moshi ukapanda ukapenya kwenye nyasi za paa, na sisi watoto tukakaa chini tukila kimanga chetu, ule mseto wa muhogo na maharagwe, bila kufikicha jicho. Halafu msimu mmoja moto ukaharibika. Ndivyo alivyosema mwenyewe, moto umeharibika. Jua likishapita utosini, yeye ameinama anakoroga, moshi unageuka ghafla kama ng'ombe aliyeona nyoka, unamvaa usoni. Anatoka nje akikohoa, machozi yanamtiririka, anamkuta babu ameegemea ukuta wa nyuma, amejifunika blanketi, macho kayafumba, anaota jua. Akirudi ndani, moshi umetulia.

Alianza kwa kulaumu kuni. Tukatumwa kuni za mti mwingine. Akalaumu mafiga, tukabeba mengine kutoka mtoni, na mawe ya mtoni, kwa wasiojua, hupasuka motoni kama bunduki, kwa hiyo tukayarudisha mbio. Akalaumu paa, paa likaezekwa upya. Akalaumu jirani mmoja mwenye kijicho. Wakati huo wote, pembeni mle jikoni, kulikuwa na mtungi wa mbangara, ile pombe yetu ya miwa, aliyowawekea wazee waliotarajiwa kuja kuzungumzia mahari ya shangazi. Babu hakuigusa. Babu alikuwa ameokoka, tena alikuwa ametangaza mbele ya kanisa zima.

Aliyegundua ni shangazi. Siku hiyo babu alisinzia pale ukutani, blanketi likateleza, na kumbe mdomoni ana mrija. Mrija wenyewe unaingia kwenye tundu la ukuta, unapita nyuma ya rundo la kuni, unashuka hadi mtungini. Tundu alilitoboa kwa mkono wake na alikuwa na jiwe lake maalumu la kulizibia. Akiona kiu, anazibua, upepo wa bondeni unaingia na kuusukuma moshi. Akisikia kikohozi, anaziba na kufumba macho. Nyanya aliutoa polepole ule mwisho wa mrija mtungini, akautumbukiza kwenye chungu cha majivu, akarudi kukoroga. Babu alipozinduka akavuta, kikohozi chake kilisikika ng'ambo ya bonde. Jioni nyanya alitupa neno moja tu sisi wajukuu: moto ukikusumbua, usianze na kuni, anza na ukuta.

Mimi shule niliiacha kabla haijanizoea. Hesabu ninazozijua ni za spana. Lakini hilo neno la nyanya limenilisha maisha yangu yote katika gereji za Voi, na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii na simu mkononi, lichukueni, maana halina uzito wala halimalizi chaji.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa magharibi ambaye baba yake aliletwa huku na reli akaonja maembe ya Taveta akasahau kurudi kwao. Enzi za Wekesa dashibodi hazikuwa na maneno mengi. Gari likiugua ulilinusa. Alipiga magoti nyuma ya ekzosi kama mtu anayetubu, akavuta moshi puani, akafikiri, kisha akatoa hukumu: hili linakunywa oili, hili limechanganyiwa mafuta ya taa, hili halina kosa, dereva ndiye mbaya. Mkewe alilalamika kwamba hata nyumbani hali chakula kabla hajakiinamia hivyo. Na alikuwa na msemo wake, kwamba gari halijui kudanganya, mwenye gari ndiye hudanganya. Nilidhani ni utani wa fundi. Nimekaa nao miaka mingi ndipo nikajua ni mafundisho.

Siku hizi magari yana taa. Ile ya rangi ya chungwa, yenye umbo la injini. Kuna mama mmoja wa Mwatate aliyeniletea gari akisema limewasha alama ya birika, naye amekuwa akiliongeza maji kila siku kwa sababu alidhani linaomba chai. Taa ile ikiwaka, unachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, inakupa namba, na namba inayopenda sana kuja kwetu, magari yetu yakiwa yametumika ng'ambo kabla ya kufika bandarini, ni P0420.

Niwaeleze kama nilivyoelezwa, maana na mimi nilielezwa. Chini ya gari, katikati ya bomba la ekzosi, kuna kopo kubwa la chuma. Ndani limejaa matundu matundu kama sega la nyuki. Vitabuni lina jina refu, gerejini tunaliita masega. Kazi yake ni kuumalizia moshi kuungua ili ule wenye sumu usitoke nje. Mbele ya masega kuna sensa inayonusa moshi unaoingia, na nyuma yake kuna sensa nyingine inayonusa unaotoka. Ya mbele hupanda na kushuka muda wote, ndiyo tabia yake. Ya nyuma inatakiwa itulie kama mtu aliyeshiba. Ya nyuma ikianza kupanda na kushuka kama ya mbele, kompyuta ya gari inaona masega hayafanyi kitu, inawasha taa.

Lakini namba hiyo haijasema nunua masega. Shikeni hapo. Ni kama mwalimu anayeandika kwenye ripoti kwamba mtoto amezembea. Mwalimu ameona mtoto hajaandika. Hajaona kama mtoto alishinda na njaa, au kalamu yake ilichukuliwa na dada yake. Fundi anayesoma namba na kukimbilia dukani ni sawa na mzazi anayesoma ripoti na kukimbilia fimbo.

Pale Voi alikuwapo jamaa aliyezunguka gereji na gunia akinunua masega ya zamani, kwa sababu ndani yana unga wa madini ya thamani. Kwake yeye hapakuwa na masega mazima duniani. Ungemwonyesha gari lililoshuka melini asubuhi, angetikisa kichwa kwa huzuni kama anayetoa rambirambi. Basi ikaja gari ya mchungaji mmoja inanuka mayai yaliyooza. Ni kweli, masega yakichoka gari huweza kunuka hivyo, na jamaa alishalala chini na msumeno wake. Mimi nikaingia ndani kutafuta jeki, nikainua kiti cha nyuma, nikakuta mayai. Mayai ya kuku, trei ya sadaka kutoka ushirika mmoja wa milimani, yalisukumwa pale yakasahaulika, yakapasuka njiani. Mchungaji alikuwa akitembea nayo amefungua madirisha yote, akimshukuru Mungu kwa upepo. Jamaa wa gunia alitoka chini, akajipangusa vumbi, akasema hata hivyo hayo masega yanaelekea kufa.

Sasa niwafikishe kwa Mwalimu Wakesho.

Huyu alifundisha shule ya msingi upande wa Marungu, mwanamke mfupi wa kimo na mrefu wa sauti. Akiita jina la mtoto, mbuzi wa majirani walisimama kutafuna. Nyumba yake ilikuwa Kasigau, chini ya mlima, na mumewe Baba Mghoi alikuwa mstaafu wa reli ya zamani anayelima ndengu. Siku za shule Mwalimu alilala nyumba za walimu huko huko Marungu, na gari akaliacha nyumbani, kwa sababu pale shuleni hapakuwa na pa kuliegesha na mbuzi wale wale walipenda kupanda juu ya boneti kuota jua. Ijumaa alirudi kwake kwa bodaboda. Jumamosi alishuka Voi na gari kwa mambo ya soko na kwaya.

Jumamosi moja akaja gerejini taa imewaka. Nilikuwa nafanya kazi na Fundi Mkawasi, mwanamke aliyesomea ufundi chuoni, ana watoto na ana misimamo, na mashine ya kupimia ilikuwa yake. Akachomeka, ikasema P0420. Tukaenda kwa utaratibu. Mkawasi akatazama sensa kwenye kioo cha mashine gari likiunguruma: ya mbele inacheza, ya nyuma imetulia. Akapima joto la bomba kwa kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola: nyuma ya masega kuna joto zaidi ya mbele, ishara kwamba kazi inafanyika mle ndani. Mimi nikagonga kopo kwa nyundo ya mpira nisikie kama sega limevunjika linacheza. Kimya. Nikachukua kitambaa kinene nikaziba mdomo wa ekzosi, alivyonifundisha Wekesa, nikasikiliza kama kuna pahali moshi unatorokea. Hapakuwa na hata mluzi. Gari zima. Tukafuta namba, taa ikazimika, Mwalimu akaenda zake akiimba.

Jumamosi iliyofuata akarudi haimbi.

Nikasema ni mafuta mabaya, akabadilisha kituo cha mafuta. Taa ikawaka. Mkawasi akasema labda sensa ya nyuma inachoka, akaweka nyingine. Taa ikawaka. Kila tukilipima Voi gari ni zima kama siku ya kuzaliwa, kila likilala Kasigau wiki moja linarudi na taa. Hapo nikasema kitu ambacho Mkawasi hajawahi kuacha kunikumbusha. Nilisema ni hewa ya mlimani. Akauliza kama tuupige mlima ule kitambaa mdomoni tusikilize.

Siku hiyo Baba Mghoi naye alikuwa ameandamana na mkewe. Mzee mpole, mwembamba, mikono nyuma. Mkewe alipokwenda sokoni, alitupigia hadithi za ndovu. Kule kwao kulikuwa na dume moja lenye pembe iliyovunjika ncha, wakaliita Mheshimiwa, kwa sababu lilikuja bila kualikwa, likala bila kuuliza, likaondoka bila kushukuru, na hulioni tena mpaka msimu wa mavuno. Walijaribu kugonga mabati na masufuria, likazoea. Wakachoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi chake mwenyewe, dawa ambayo huwashinda ndovu wengi, Mheshimiwa akapiga chafya akaendelea kula. Lakini msimu huo, akasema Baba Mghoi akitazama viatu vyake, ndengu zao na za majirani zilikuwa bado salama. Ni neema tu.

Mwalimu aliporudi akakuta taa tumeizima tena na sababu hatuna. Akasimama mbele yetu kama aliye mbele ya darasa lililofeli. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mafundi, nimechoka kuendesha gari inayonikonyeza," akasema. "Ikiwaka Jumamosi ijayo, naiuza. Kuna mtu Taveta anaingoja."

Baba Mghoi aligeuka rangi. Akaanza kumsihi mkewe pale pale, kwamba gari ni la kijiji kizima, kwamba nani atapeleka wagonjwa hospitali, kwamba taa yenyewe ni ndogo. Akapendekeza ibandikwe utepe mweusi. Mwalimu akasema utepe aliukuta umeshabandikwa wiki mbili nyuma na alikuwa bado anatafuta aliyeubandika. Mzee akaona heri akanunue gazeti.

Nilimhurumia. Sijaona mtu anayelipenda gari namna ile, na hata kuliendesha mkewe alisema hajui vizuri.

Jumamosi ikafika, taa ikawa imewaka. Mwalimu alikuja peke yake, namba ya yule mtu wa Taveta iko tayari kwenye simu. Mkawasi akaomba saa moja tu ya mwisho, akalala chini ya gari bila mashine wala kipimajoto, na tochi peke yake. Kisha akaniita nije nione.

Mnalijua vumbi letu. Gari likitoka Kasigau, tumbo lake lote ni jekundu kama limepakwa rangi, bomba jekundu, kopo jekundu, boliti zote nyekundu na kutu juu yake. Ila mbili. Pale bomba la injini linapokutana na bomba linaloingia kwenye masega, kwenye yale maungio yenye gasketi katikati, boliti mbili zilikuwa zinang'aa kama pete za arusi. Kuzunguka maungio kulikuwa na masizi meusi mabichi, na ukichungulia, gasketi imebanwa na kubanduliwa mpaka imekuwa nyembamba kama kaki. Mtu alikuwa akiyafungua maungio yale na kuyafunga, tena na tena.

Mnaona ujanja wake. Maungio yakilegea hapo, gari likiunguruma moshi unatoka, na kila moshi ukikatika kidogo, hewa ya nje inavutwa ndani. Sensa ya nyuma inanusa hewa ambayo haikutarajiwa, inachanganyikiwa, inaanza kupanda na kushuka. Kompyuta inawalaumu masega, maskini, na wao hawana hatia. Halafu mtu akishakaza boliti, ushahidi umefungwa, lakini taa imeshawaka. Ungelipima Voi mpaka uzeeke.

Ningepaswa kumkumbuka babu pale pale. Badala yake nikatangaza, kwa sauti ya mtu mwenye ujuzi, kwamba huyo ni mwizi wa masega. Anafungua kidogo kidogo apate kuyachomoa siku moja kwa urahisi. Nikamtaja hata jamaa wa gunia. Mkawasi akauliza ni mwizi gani anafungua boliti halafu anazifunga. Nikamjibu kwamba wezi nao wana malezi tofauti.

Mwalimu aliposikia neno mwizi, uso ulibadilika. Gari halikuwa bovu, lilikuwa linaonewa, na Mwalimu hakuwahi kuvumilia kuona mtu akionewa. Akamwahirisha yule wa Taveta, lakini kwa juma hilo tu: mwizi asipopatikana, gari liende. Akatuagiza tusimwambie Baba Mghoi, moyo wake mwepesi, atakosa usingizi. Akapanga kuomba ruhusa shuleni katikati ya juma, twende naye tukamvizie.

Tukaenda, sisi watatu, na pikapu ya gereji. Barabara ile ilinitenganisha viungo nikawaza kwamba na mimi maungio yangu yamelegea. Tulifika jua likiwa bado liko juu ya bega la mlima, tukaegesha dukani ili mwizi asisikie injini. Mama mwenye duka akamkumbatia Mwalimu. Alipoambiwa tumekuja kumshika mwizi anayechezea gari, tabasamu likamshuka. Akatukalisha. Akatuletea soda tusizoagiza. Tulipotaka kuinuka akaleta nyingine, akauliza habari za watoto wa Mwalimu, mmoja mmoja, hadi yule aliyemwona jana. Kisha akachukua simu akaenda nyuma ya duka akaongea Kidawida, lugha yetu Wataita, haraka haraka. Jirani aliyekuwa akipita na jembe akasimama kutueleza kwamba njia ya kwenda kwa Mwalimu ina nyoka leo. Mkawasi alininong'oneza kwamba kijiji kizima ni wezi.

Tukapita njia ya nyoka.

Gari lilikuwa katikati ya shamba la ndengu, pua imeelekea kichakani, kama mlinda lango anayesubiri penalti. Juu ya boneti simu ilikuwa ikilia, ikinyamaza, ikilia tena, haina wa kuipokea. Chini ya gari ilikuwa imetoka miguu miwili, na kutoka huko chini ilisikika spana ikigeuza boliti, krr, krr, kwa starehe, na mtu akiimba wimbo wa kwaya. Mwalimu akasimama. Hakuitazama miguu, alizitazama soksi. Zilikuwa za bluu zenye mistari, na aliyezinunua ni yeye.

"Baba Mghoi," akasema.

Spana ikanyamaza. Wimbo ukanyamaza. Hata simu ikanyamaza.

"Leo ni Jumatano," sauti ikajibu kutoka chini, kama inayoikumbusha siku wajibu wake.

Habari ilitoka kwa vipande, na yeye akiwa bado amelala huko huko. Kazi yote ya reli aliyofanya, alisema, ilimfundisha kitu kimoja kuhusu ndovu: hawaogopi kitu kikubwa, wanaogopa kitu kinachonguruma. Akajaribu kulegeza maungio ya ekzosi mara moja, gari likanguruma kama lori lililobeba mkonge likipanda mlima, na Mheshimiwa akakimbia na mkia juu. Tangu hapo kila jioni ya juma alilizungusha mipakani mwa mashamba, yake na ya majirani. Majirani walichangia petroli kwa zamu na kuchangia kunyamaza. Kabla Mwalimu hajarudi, anakaza boliti, anaosha mikono, anakaa kibarazani na Biblia. Hakusema kwa sababu alijua gari ni la mkewe na jibu lingekuwa hapana, na ndengu zilikuwa zimebakiza siku chache zikauke zivunwe.

Mimi na Mkawasi tulitazama pembeni, mtu asionekane anacheka. Ndipo Mkawasi akanishika bega, akanigeuza nitazame kichakani.

Kichaka kilikuwa kimefunguka. Mheshimiwa alisimama upande wa pili wa ua wa miiba, pembe yake fupi na ile ndefu, tawi la mti mdomoni, akiyatazama mashamba ya kijiji kizima kama mtu aliyesomewa orodha ya vyakula. Gari lilikuwa kimya, boliti moja imelegea na nyingine bado. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Baba Mghoi. Baba Mghoi alikuwa chini ya gari, na alikuwa hatoki, si kwa kumwogopa ndovu, ambaye hakumwona. Mwalimu alikuwa amekipa kichaka mgongo, na ndiyo kwanza alikuwa anavuta pumzi. Nilimpungia Mwalimu mkono, akadhani namzuia asimgombeze mumewe. Nikawaza ndengu zimekwisha, na gari limekwisha, na huenda na mimi.

Lakini kabla sijafika huko, niwape mambo ya gereji nisije nikasahau. Mkiona P0420, tazameni kwanza kwa macho. Tafuteni masizi mahali yasipostahili kuwapo. Ukutani kwanza, kuni baadaye. Ulizeni gari linalala wapi, linaamka na nani. Na mashine msiidharau, Mkawasi aliipenda yake kama mtoto, ila hakuna mashine itakayokwambia soksi ni za nani. Gari lile lilitiwa gasketi mpya na boliti mpya, masega yakabaki yale yale, na taa haijawaka hadi leo. Halikuuzwa. Mwalimu alilihamishia Marungu, mbuzi wanaota jua juu ya boneti, na mtu wa Taveta alinunua pikipiki.

Basi Mwalimu akamaliza kuvuta pumzi. Darasa la Marungu, kama liliweza kusikia, nadhani lilisimama.

"Nimelipeleka gari kwa mafundi kila Jumamosi," akaanza. "Nimeliombea kanisani, kwa jina lake. Nimekaribia kuuza gari kwa sababu ya taa, kumbe cha kuuza nalala nacho kitanda kimoja. Unakuja kwangu, unakula chakula changu, unaharibu, halafu unakaa hapo kimya kama hukufanya kitu. Huna haya. Una masikio ya nini kama husikii? Nimesema toka. Toka hapo sasa hivi nisikuone tena kwenye shamba hili."

Chini ya gari hakuna kilichosogea. Upande wa pili wa ua, Mheshimiwa alikuwa ametandaza masikio yote mawili, amesikia kila neno. Tawi likamdondoka mdomoni. Aliyakunja masikio taratibu, akaurudisha nyuma mguu mmoja, kisha mwingine, akageuka akaingia kichakani kwa mwendo wa kawaida, wala hakutazama nyuma, na hakurudi tena.